Pimbi na Jiwe la Heshima

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa kule nyuma mnaongea na nani? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana hadithi yenyewe ni ya baridi.

Hapo zamani, zamani za kale hasa, bibi yangu hajazaliwa na bibi yake hajaota jino, palikuwa na kilima cha mawe. Mawe makubwa, mawe madogo, mawe yaliyokaa juu ya mawe. Katika mawe hayo waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, masikio ya mviringo, uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Basi huyo ndiye pimbi.

Na pimbi, jamani, anaogopa baridi! Anamwogopa na chui, ndiyo, lakini chui unamkimbia unaingia ufani. Baridi utaikimbilia wapi? Inakufuata humo humo. Kwa hiyo pimbi wana desturi yao. Upepo ukianza kuvuma, wanalaliana. Huyu juu ya yule, yule ubavuni mwa huyu, watoto katikati, mpaka wanakuwa rundo moja linalopumua. Hu, ha. Hu, ha. Na kulaliana kwenyewe kuna wimbo wake:

Sogea, sogea,
nipe mgongo nikupe tumbo,
kipupwe kikipita
kituone jiwe.

Imbeni na nyinyi. Sogea, sogea... Vizuri.

Lakini si pimbi wote waliolala kwenye rundo. Wazee hawakulala. Haifai, walisema pimbi. Utamlaliaje mzee? Utamwekea mguu usoni mama aliyekuzaa? Ndiyo maana pimbi akizeeka, meno yakaanza kucheza, manyoya yakapauka, wanawe humpeleka kwenye jiwe lake. Jiwe pana, safi, la peke yake, linalopata jua kabla ya mawe mengine. Chini yake pana pango, nalo la peke yake. Chakula analetewa. Kazi hafanyi. Hasukumwi. Haguswi. Waliliita Jiwe la Heshima, wakaliwekea mwiko: anayemgusa mzee aliye jiweni amemvunjia heshima, naye haingii tena kwenye rundo.

Mzee naye alikuwa na mwiko wake. Halalamiki. Akilalamika amewaaibisha wanawe mbele ya kilima kizima.

Pimbi walijivunia desturi hiyo, sikwambii. Jumbe wao, Makame, alipenda kusimama juu ya mwamba akisema, "Nani mwingine porini anampa mzee jiwe lake peke yake? Nani? Nitajieni." Na hakuna aliyeweza kumtaja.

Sasa, katika pimbi hao alikuwepo mmoja jina lake Siwema. Mtu wa haraka, mtu wa maneno, lakini moyo wake wa huruma. Mama yake aliitwa Bi Tabu. Na Bi Tabu zamani alikuwa mchekeshaji wa kilima. Alipoingia yeye kwenye rundo, hapalaliki. Atamwiga huyu anavyotafuna, atamwiga yule anavyokoroma, rundo zima linatikisika kwa kicheko, kwa-kwa-kwa, mpaka wa juu wanaporomoka.

Mvua za masika zilipokwisha, meno ya Bi Tabu yakaanza kucheza. Siwema na nduguze wakampeleka jiweni. Wakamtandikia nyasi kavu. Wakamletea majani mabichi. Wakarudi nyuma wakamtazama. Jamani, alipendeza!

Kila asubuhi Siwema alikwenda chini ya jiwe.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba mwanangu. Salama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Hukosi kitu?"

"Sikosi kitu."

Siwema akashuka zake. Siku zikaenda hivyo. Umelalaje, salama. Umelalaje, salama. Lakini Siwema alikuwa na macho. Aliona mama anakonda. Aliona majani ya jana yako palepale, yamejikunja kwa jua. Aliona Bi Tabu hamwigi mtu tena, anatazama tu bondeni. Na kipupwe kilikuwa njiani kinakuja. Kila kipupwe wazee wa kilima walikwisha, na pimbi walisema, "Umri umefika." Kipupwe kilichopita alikwisha mama yake Jumbe Makame. Umri umefika, wakasema, wakamlilia, wakanyamaza.

Siwema akaogopa. Aliogopa kweli. Akamwendea Jumbe.

"Jumbe, mama yangu hatakiona kipupwe kikiisha."

"Ana jiwe zuri," alisema Jumbe Makame.

"Analo. Lakini nataka niende nikatazame wengine wanafanyaje na wazee wao."

Jumbe akacheka kwa pua, hmf. "Wengine ndio waje wajifunze kwetu. Lakini nenda. Nenda ukaone, urudi ushukuru."

Siwema akashuka kilima. Tifu, tifu, tifu, miguu mifupi kwenye vumbi. Akaenda, akaenda, mpaka akafika bondeni kwa tembo.

Tembo walikuwa wakitembea kwa mstari. Mbele yao tembo mmoja mkongwe, ngozi imelegea, jino moja limekatika. Akitembea, wanatembea. Akisimama, wote kimya, wanasimama. Ndama mmoja alitaka kumpita, mama yake akamrudisha kwa mkonga, pap!

Siwema akakimbilia mbele. "Shikamoo bibi!"

"Marahaba," alijibu tembo mkongwe. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nasikia sauti, sioni mtu."

"Niko chini, bibi. Karibu na ukucha wako."

"Aa! Pimbi! Wanasema mimi na nyinyi ni ndugu."

"Ndivyo wanavyosema, bibi."

"Basi mmoja wetu hakulishwa vizuri," alisema tembo, na tembo wote wakacheka, ardhi ikatetemeka. Siwema akaona haya kidogo, lakini akaeleza shida yake. Mama yangu ana jiwe, ana majani, ana pango, na anakwisha.

"Mimi jiwe sina," alisema tembo mkongwe. "Nina hawa. Hatuendi kwa mwendo wao, tunakwenda kwa mwendo wangu. Meno yangu yamekwisha, basi wote wamekuja huku kwenye majani laini, hata wenye meno. Na nikuambie siri? Wakati mwingine wala sijachoka. Nasimama tu nione kama watasimama."

"Wanasimama?"

"Mpaka leo wanasimama." Tembo akainamisha kichwa chake kikubwa. "Na huyo mama yako, yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema salama."

"Nawe ukaamini?"

Siwema aliaga haraka haraka, maana jibu la mwendo alikuwa amekwisha kulipata, na mtu mwenye haraka akipata jibu moja halisubiri la pili. Akarudi mbio. Tifu, tifu, tifu.

"Jumbe! Wazee watangulie mbele, sisi tufuate!"

Jumbe Makame akafikiri. Kutangulia si kuguswa. Mwiko haujavunjwa. "Haya, tujaribu na mama yako kwanza," alisema.

Mngemuona Bi Tabu siku ile! Alishuka jiweni uso umechangamka. "Nifuateni basi," alisema, "na asinikanyage mtu kisigino." Akatangulia malishoni. Akafika kwenye kichaka, akasimama, akanusa, akasema, "Hapa ndipo baba yenu mmoja, simtaji, alipomkimbia konokono." Pimbi wakacheka. Akaenda kidogo, akasimama, akasimulia. Akaenda kidogo, akasimama. Na pimbi wote nyuma yake, mstari mrefu, mahali peupe, juani.

Tembo akisimama peupe, nani atamfanya nini? Lakini pimbi, jamani! Pimbi!

"Kwiiii!" alilia mlinzi juu ya mwamba.

Vuuuu! Tai akashuka.

Pimbi wakatawanyika. Pu, pu, pu, huyu ufani, yule shimoni. Wote isipokuwa Bi Tabu. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Alijibwaga chini ya kijiti cha miiba, akajibana. Tai akapitisha kucha, kwaru! Akaondoka na shungi la manyoya, akaenda zake.

Bi Tabu alirudishwa jiweni akitetemeka mwili mzima. Siwema akasimama pembeni ya jiwe, karibu kabisa, pua yake ingeweza kugusa ubavu wa mama. Hakugusa. Mwiko. Alisimama tu akilia, na mama yake anamwambia, "Nenda mwanangu. Sijambo. Salama."

Jumbe Makame alifoka. "Tembo, tembo! Sisi ni tembo?"

Lakini Siwema hakutulia. Upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza, mwembamba, wa asubuhi tu. Siwema akashuka tena kilima, safari hii hakuaga. Akaenda mpaka karibu na mbwa mwitu. Karibu, nimesema, si kwao. Mbwa mwitu humsalimii kwa kumpa mkono. Alijificha katika ufa wa mwamba, mwembamba hata ulimi wa mbwa usingefika, akachungulia.

Akaona mbwa mzee, mguu mmoja umepinda, amelala mlangoni mwa pango pamoja na watoto. Wawindaji wakarudi, matumbo yamejaa. Mbwa mzee akawaendea akilia, nyii, nyii, kama mtoto mdogo, wala haoni haya. Nao wakamtapikia nyama, akala, akajilamba, akalala.

"Ahaa!" alisema Siwema moyoni. "Kumbe chakula chetu ni kigumu."

Akarudi kilimani. Akachuma majani laini, akayatafuna, nya-nya-nya, akayabeba mashavuni, akapanda, akayatema mbele ya mama yake. Pfuu!

Bi Tabu akayatazama. Akamtazama Siwema. Akayatazama tena.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Chakula, mama. Nimekutafunia."

"Alikula nani kwanza?"

"Mimi."

Bi Tabu alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. "Siwema, Siwema. Nilikunyonyesha ili siku moja unitemee majani? Chakula sikosi. Tazama." Na kweli, majani yalikuwa tele pembeni yake, ya leo, ya jana, ya juzi.

"Basi unakosa nini, mama?"

Chini huko upepo ulikuwa umevuma kidogo, na pimbi walikuwa wameanza kulaliana. Sauti ikapanda mpaka jiweni. Sogea, sogea, nipe mgongo nikupe tumbo. Bi Tabu alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa ikicheza pamoja na maneno.

"Sikosi kitu," alisema. "Salama."

Nyinyi watoto mmekwisha kujua, ee? Naona mnavyotazamana. Lakini Siwema hakujua. Yeye alizaliwa kwenye rundo, akakulia kwenye rundo, hakupata kuwa na baridi hata siku moja. Na asiyepata kuona baridi utamwambiaje baridi?

Alikwenda mara nyingine tena. Hakujua anakwenda kwa nani, alikwenda tu, kwa sababu kukaa kulimshinda. Mchana, mbali na kilima, manyunyu yakamkuta. Manyunyu ya kipupwe, yale madogo madogo, sindano tupu. Manyoya yakalowa. Meno yakaanza kugongana, ka-ka-ka-ka. Miguu ikawa mizito. Hapo ndipo Siwema alipojua baridi. Peke yake, porini, hana mgongo wa kuegemea.

Akaona kichuguu. Akaona tundu. Akaingiza kichwa.

"Ingia au toka!" ilisema sauti kutoka ndani. "Unatutolea joto!"

Walikuwa nguchiro. Wamejaa humo, mkia kwa mkia, pua kwa pua. Siwema akaingia. Hawakumwuliza jina wala kabila. "Sogea, wewe. Vuta mguu. Mpe nafasi mgeni, amelowa huyu." Wakamvuta katikati, wakambana pande zote.

Mgongoni kwake palikuwa na nguchiro mmoja mkavu, mifupa mitupu, haoni macho yote mawili. Mzee sana. "Nani huyu mwenye manyoya ya maji?" alinung'unika. "Na nani ameweka kiwiko chake mbavuni mwangu? Kila siku kiwiko. Ondoa kiwiko, mjukuu wa watu." Wakaondoa. Akarudi kunung'unika kwa raha zake.

Siwema alishangaa. Akanong'ona, "Mnamlalia mzee?"

"Tumlaze wapi tena?" alijibu nguchiro wa jirani. "Yeye ndiye anakaa katikati. Mzee hana joto lake, anakaa kwenye la wenzake."

"Hamwogopi kumvunjia heshima?"

"Heshima ya kumwacha agande? Hiyo wekeni wenyewe."

Siwema alisikia moyo wa yule mzee ukipiga mgongoni kwake, polepole, tu, tu, tu. Alisikia joto likimrudia, miguuni kwanza, kisha tumboni. Na joto lilipofika kifuani akaangua kilio. Nguchiro wakadhani ameumwa na siafu, wakaanza kumkagua.

"Si siafu," alisema Siwema. "Mama yangu yuko juu ya jiwe."

Manyunyu hayajakatika vizuri, akatoka. Hakushukuru, hakuaga, msimhesabie. Tifu, tifu, tifu! Vumbi lilikuwa tope. Cho, cho, cho! Akapanda kilima jua likiwa bado juu, lakini hakuna aliyeliona, mawingu yalikuwa mazito na upepo unapiga. Pimbi walikuwa wamekwisha kulaliana. Rundo linapumua, hu, ha, hu, ha. Akalipita.

Akafika chini ya jiwe.

"Shikamoo mama! Umeshindaje?"

Kimya.

"Mama, umeshindaje?"

Kimya. Hata salama hakusema.

Siwema akaruka juu ya jiwe. Bi Tabu alikuwa amejikunja, kichwa ndani ya miguu, majani mabichi yamemzunguka pande zote. Siwema hakutazama nani anamuona. Alijitupa ubavuni mwa mama yake, akamkumbatia. Mwili ule ulikuwa baridi sawasawa na jiwe.

Akamsogelea. Akamfunika kwa tumbo lake. Akaanza kuimba.

Sogea, sogea,
nipe mgongo nikupe tumbo...

Akaimba, akaimba tena. Kitambo kikapita. Kisha, taratibu, Bi Tabu akageuka. Akampa mgongo.

"Mama, una baridi?"

"Tangu siku mliyonileta," alisema.

"Mbona hukusema? Kila asubuhi nakuuliza!"

"Hata mimi nilimpandisha mama yangu jiweni. Nilimtandikia vizuri. Kila asubuhi nilimwuliza, akasema salama. Nikashuka." Bi Tabu akavuta pumzi. "Nilipopanda mwenyewe ndipo nikajua alikuwa akisema nini. Na mimi ningekuaibishaje?"

Siwema akazidi kumbana.

Ngurumo za miguu zikasikika. Pimbi walikuwa wamemuona, na rundo limevunjika, wote wanapanda. Mbele yao Jumbe Makame, manyoya yamemsimama.

"Siwema! Umemgusa mzee!"

"Nimemgusa."

"Umeuvunja mwiko! Kuanzia leo huingii kwenye rundo!"

"Siingii, Jumbe," alisema Siwema, hata kichwa hakuinua. "Nina rundo langu hapa. Dogo, lakini linatosha."

"Na kipupwe ndiyo kwanza kinaanza! Mtakufa nyote wawili!"

"Basi afe akiwa na mwenzake. Mama zetu wote wamekufa peke yao, Jumbe. Wamekufa kwa baridi, na sisi tumelala palee, tunaimba."

Upepo peke yake ndio uliokuwa ukisema, fuuu, fuuu.

"Hapana," alisema Jumbe hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya juu ya mwamba. "Mama yangu hakufa kwa baridi. Mama yangu umri ulifika. Nilimchagulia jiwe zuri kuliko yote. Nilimwuliza. Kila asubuhi nilimwuliza. Alikuwa akisema..."

Akashindwa kumaliza. Kila aliyekuwapo alijua mama yake alikuwa akisema nini.

Mnaona, jamani, kwa nini desturi mbaya haifi upesi? Si kwa sababu Makame alikuwa mkatili. Alimpenda mama yake, tena sana. Ndiyo maana hakutaka Siwema awe amesema kweli. Akikubali kwamba jiwe ni baridi, atampeleka wapi mama yake aliyemweka juu yake kwa mikono yake mwenyewe?

Bi Tabu akainua kichwa. Alimtazama Jumbe.

"Makame," alisema, wala hakumwita Jumbe. "Ulimpenda mama yako. Sote tulikuona. Yeye mwenyewe alikuona kuliko sisi. Hukujua, mwanangu. Hata mimi sikujua kwa mama yangu. Sasa umesimama hapo unatetemeka. Njoo. Mgongo wangu huu uko wazi na upepo unaupiga."

Jumbe Makame hakusogea. Pimbi wakamtazama. Ukweli wote ulikuwa pale, kwenye ule mgongo wa kizee wenye kipara cha kucha za tai. Akilala hapo, amesema mbele ya kilima kizima kwamba alikosea. Asipolala, mzee mwingine atakwisha.

Akapanda juu ya jiwe. Akajilaza. Akamwegemea Bi Tabu, na akalia, akalia kwa sauti kama mbwa mzee wa porini, wala asione haya.

Baada ya hapo nani angebaki amesimama? Walikuja mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Jiwe halikuwatosha, maana liliwekwa kwa mtu mmoja. Kwa hiyo wakamshusha Bi Tabu, wakawashusha na wazee wengine, kila mmoja kutoka kwenye heshima yake, wakawaleta chini ufani, katikati kabisa. Babu Kiheri, ambaye masikio yalikuwa yamekwisha kuziba, aliuliza kwa nguvu, "Nani amekufa?" Wakamwambia hakuna. "Basi mbona mnanibeba?" Wakamlalia, akaacha kuuliza.

Msidhani yote yalikuwa matamu. Wazee katikati ya rundo ni kazi. Huyu anakoroma, yule anaamka kila mara anataka kutoka, mwingine anasimulia kisa kilekile alichosimulia jana. Na kulalamika ndiko walikojifunza upesi kuliko yote! Walikuwa wamenyamaza siku zote za jiweni, sasa wakalipiza. Mguu wako huu. Pumzi yako hii. Nina njaa. Nataka majani ya upande ule, si ya upande huu. Vijana walichoka, wengine wakanung'unika. Lakini hata aliyenung'unika alisogea.

Na Bi Tabu? Alinenepa. Si sana, kidogo. Akaanza tena kuwaiga watu. Alimwiga Jumbe Makame anavyosema "Nani mwingine porini?", na Jumbe mwenyewe alikuwa chini yake, anacheka mpaka anaomba apumzike. Kipupwe kikaja, kikapita. Vuli ikaja, akaiona. Masika yakaja, akayaona.

Kipupwe cha pili ndicho kilichomkuta amechoka kweli. Usimwombee mzee aishi milele, anachoka. Alilala katikati ya rundo, mgongo kwa Siwema, kama kawaida yake. Jua lilipopanda na pimbi wakaanza kuachana ili wakaliote, Bi Tabu hakuamka. Siwema akamtikisa. Akamwita. Hakuna aliyejua ilikuwa wakati gani, hakuna aliyesikia chochote, hata yeye aliyekuwa amemkumbatia. Kwa maana Bi Tabu alikuwa bado ana joto. Joto lao.

Haya, jamani. Wakubwa mmesikia na wadogo mmesikia. Mafunzo ni haya: mzee mpe chakula, mpe mahali pazuri, mheshimu, lakini usimweke mbali. Chukua kwa wengine linalokufaa, si kila la tembo ni la pimbi. Na akikujibu "salama", usishuke upesi. Kaa naye kidogo, mguse mkono, usikie kama ni wa moto au wa baridi.

Hadithi yangu nayo imefika mwisho wake, imelala hapa. Aliyekaa karibu na bibi yake amsogelee, na aliyemwacha bibi nyumbani ainuke aende.